Kusoma, Kuandika na Kunena Chini ya Mlima Meru



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya jambo ambalo kila mzazi katika nchi yetu hulilipia kwa jasho lake, nalo ni kusoma kwa watoto wetu katika shule za sekondari, na hasa kusoma kwao kwa lugha ya Kiingereza. Twaanza na kisa kidogo kilichotupata sisi wenyewe. Kisha tutarudi nyuma katika habari za wazee wetu, maana asiyejua alikotoka hawezi kujua ni wapi alipoiacha njia.

Jioni moja mzee wa usharika wetu alikuja nyumbani kwetu, na mkononi mwake alikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua ya Kiingereza, nayo yahusu mpaka wa shamba lake. Akatuambia, "Mwalimu, barua hii mwanangu wa kidato cha nne alinisomea, yapata miezi miwili sasa. Aliisoma vizuri mno, hata majirani wakasimama kumsikiliza. Nilipomwuliza yasemaje, akanijibu, 'Baba, yasema habari za shamba.' Basi nikaiweka sandukuni." Tulipoifungua tukaona ya kuwa ilimpa mwenye shamba siku thelathini za kuleta pingamizi lake kwa maandishi. Siku hizo zilikuwa zimekwisha kupita.

Tuliona haya, na haya hiyo haijatutoka. Maana kijana yule alikuwa mwanafunzi wetu, na sisi kwa mkono wetu tulikuwa tumempa alama nzuri za kusoma. Kama kusoma ni kutamka maneno sawasawa, bila kukwama, na kutua penye nukta, alama zile alizistahili. Lakini barua ile ilikuwa na swali ndani yake, na ilikuwa na muda, na ilikuwa na hatari. Naye hakuona hata kimoja. Aliona maneno tu.

Ninyi mnaosoma Maandiko mwakumbuka habari za yule towashi wa Kushi aliyekuwa ameketi garini mwake akikisoma chuo cha nabii Isaya. Filipo alimsikia, maana alikuwa akisoma kwa sauti. Wala hakumsifu kwa matamshi yake, bali alimwuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Swali hilo ndilo ambalo sisi walimu tumelisahau mara nyingi. Basi na tuangalie jinsi lilivyosahauliwa, na jinsi wazee wetu walivyolikumbuka siku ile walipolihitaji kuliko siku zote.

Baraza lililokuwako kabla ya shule

Wako watu wadhanio ya kuwa akili ya kupima maneno ililetwa katika nchi hii pamoja na ubao na chaki. Sivyo. Waarusha waishio katika miteremko ya mlima upande wa kusini na magharibi, na Wameru waishio upande wa kusini na mashariki, walikuwa watu wa baraza tangu zamani. Palipokuwa na ugomvi wa mpaka, au wa ng'ombe, au wa mahari, watu walikusanyika chini ya mti, kila upande ukasema, na kila upande ukasikilizwa. Kwa Waarusha kila rika lilikuwa na msemaji wake, aitwaye olaigwanani. Hakuchaguliwa kwa nguvu za mkono wake, bali kwa ufahamu wake na kwa ulimi wake uliojua kuponya na kujenga. Kwa Wameru walikuwako washili, viongozi wa koo, nao kazi yao ilikuwa ni hiyo hiyo.

Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja Mwingereza, P. H. Gulliver, alikaa kati ya Waarusha akiyachunguza mabaraza yao, na mwaka 1963 kitabu chake juu ya mambo hayo kikapigwa chapa. Alionyesha ya kuwa watu hawa walimaliza magomvi yao hasa kwa kujadiliana, si kwa kungoja hakimu mmoja akate neno. Mtu aliyesimama kunena ilimpasa kukumbuka alichosema mwenzake, kukijibu, kuleta mashahidi, na kujua ni wapi apaswapo kulegeza. Asiyeweza hayo aliketi chini hata kama sauti yake ilikuwa kubwa.

Hatusemi ya kuwa baraza lile halikuwa na kasoro. Wanawake hawakupewa nafasi ya kunena kama ilivyowapasa, na vijana walikaa kimya miaka mingi. Lakini mtoto aliyekaa pembeni, akichunga mbuzi karibu na mti ule, alisikia kila siku jinsi neno linavyopimwa. Alijifunza ya kuwa kila neno lina mwenyewe, na ya kuwa mwenye neno ana jambo alitakalo.

Shule yaja

Mwezi Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili wa misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri katika nchi ya Meru, wakauawa usiku hemani mwao, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Walikufa kabla hawajamfundisha mtu yeyote wa hapa hata herufi moja. Baada ya hapo Wajerumani walileta vita vya kulipiza kisasi, na nchi ikaumia sana. Mwaka 1902 misioni ikarudi na kujenga Nkoaranga, na mwaka 1904 ikajenga Ilboru kwa Waarusha. Tufikiri vema juu ya jambo hili: watu waliouliwa wenzao walirudi na vitabu, na watu waliochomewa nyumba zao walikubali kuwapa watoto wao. Pande zote mbili zilihitaji saburi.

Katika shule zile za kwanza watoto walifundishwa herufi, hesabu, nyimbo, na mafundisho ya ubatizo. Wamisionari wa Leipzig walipenda mtu asikie neno la Mungu kwa lugha ya mamaye, kwa hiyo lugha za nyumbani zilitumika, na Kiswahili kikafuata. Mwezi Machi mwaka 1916, katika vita vikuu vya kwanza, Waingereza waliitwaa Arusha, na baada ya vita Kiingereza kikaingia pole pole katika shule za juu. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondoshwa nchini, na kwa muda walimu Waafrika ndio walioshika madarasa na sharika, hata Walutheri wa Marekani walipokuja kusaidia, na Wajerumani wenyewe waliporudi. Mwaka 1946 ikaanzishwa shule ya Ilboru ambayo hata leo ni sekondari ijulikanayo nchi nzima.

Namna ya kufundisha siku zile wengi wetu twaijua kwa babu zetu. Mwalimu alisema, darasa likaitikia. Mwalimu aliandika ubaoni, darasa likanakili. Ikaja imla, ikaja kukariri kwa moyo. Hatuwalaumu walimu wale. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto wengi, na mwalimu mwenyewe alikuwa amefundishwa vivyo hivyo. Tena kukariri kuna faida yake: wako wazee wetu vipofu ambao hata sasa waweza kukuongoza katika zaburi nzima bila kitabu. Lakini yako yaliyopotea. Mtoto aliyetoka penye baraza, ambako kila neno lilijibiwa, aliingia katika nyumba ambamo neno huitikiwa tu. Na kwa kuwa Kiingereza alikikuta katika nyumba hiyo, akakipokea kama lugha ya kuitikia, si lugha ya kuuliza. Akajua kusema "ndiyo, bwana" kabla hajajua kusema "kwa nini?"

Siku baraza na karatasi zilipokutana

Sasa twafika katika jambo lililo kiini cha habari yetu, nalo ni kesi ya ardhi ya Meru.

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilimweka Jaji Mark Wilson achunguze mambo ya ardhi katika nchi za Arusha na Moshi, na mwaka 1947 taarifa yake ikatolewa. Kati ya mashauri yaliyokuwamo ni kwamba nchi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro ipangwe upya, ili mashamba ya Wazungu yashikamane pamoja. Kwa ajili hiyo Wameru waliokaa Engare Nanyuki na Leguruki, katika mashamba yaliyoandikwa nambari 31 na 328, iliwapasa waondoke, wahamie Kingori na kwingineko. Wao wakakataa, wakasema ya kuwa nchi ile ni yao, na ya kuwa Kingori hakufai mifugo yao.

Angalieni, wasomaji, jinsi mambo haya yalivyokuja. Hayakuja kwa mkuki kama mwaka 1896. Yalikuja kwa karatasi. Kulikuwa na taarifa, na ramani, na nambari za mashamba, na barua za serikali, zote kwa Kiingereza. Mzee hodari wa baraza, awezaye kumshinda mtu yeyote chini ya mti, angemjibu nani? Karatasi haiketi chini ya mti. Na kijana aliyejua kusoma kwa kutamka tu angesaidia nini? Angewasomea wazee vizuri, nao wangeziweka karatasi sandukuni.

Lakini haikuwa hivyo. Wazee waliojua kupima maneno na vijana waliojua kusoma waliketi pamoja. Wakauliza: karatasi hii yatoka kwa nani? Aliyeiandika ana mamlaka gani, na juu yake yuko nani? Ndipo wakalishika jambo moja ambalo wengine wengi hawakuliona. Tangu mwaka 1946 Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Waingereza waliitawala, lakini chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa. Na Hati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1945, katika ibara yake ya 87, yasema ya kuwa maombi ya watu wa nchi hizo yaweza kupokelewa na kuchunguzwa. Maneno hayo yaliandikwa katika mji wa mbali, na hayakutaja Meru wala Engare Nanyuki. Aliyeyasoma kwa kutamka asingaliona mlango ndani yake. Wameru waliuona mlango, wakabisha hodi. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipotembelea Tanganyika mwaka 1951, waliuletea ombi lao.

Siku ya 17 Novemba mwaka huo huo serikali ilianza kuwaondoa watu kwa nguvu. Watu wapatao 3,000 walitolewa katika makao yao, na nyumba zao zikachomwa. Wameru hawakuinua silaha. Walikuwa wameshauriana ya kuwa hawatapigana, wala hawatakubali. Wapo waliodhani ya kuwa huo ni woga. Sisi twaona ya kuwa ulikuwa ni ufahamu. Mtu ambaye tegemeo lake ni ushahidi wa maneno hauharibu ushahidi huo kwa mkono wake.

Kisha watu wakachanga fedha zao, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet kwenda New York, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Katikati ya mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akanena kwa Kiswahili, na Seaton akamfasiria. Mwafrika wa Tanganyika alikuwa bado hajasimama mahali pale kutoa ombi kwa kinywa chake mwenyewe. Wakuu wa mataifa walimsikiliza, wakamwuliza maswali, naye akajibu.

Mwisho wake ulikuwaje? Tuseme kweli, wala tusiipake asali. Baraza la Udhamini lilionyesha masikitiko kwa jinsi watu walivyoondolewa, lakini ardhi haikurudishwa. Mwezi Desemba mwaka 1952 jambo lile lililetwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa, wala halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajiwa. Wameru walirudi bila nchi yao. Lakini neno lililonenwa halikurudi bure. Kirilo alipofika nyumbani alizunguka akiwasimulia watu wa sehemu nyingine za nchi yale aliyoyaona na kuyasikia. Julai 7, 1954, chama cha TANU kikaundwa, na Machi 7, 1955, Julius Nyerere, naye mwalimu wa shule, akasimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini kuinenea Tanganyika yote. Njia aliyoipita ilikuwa imekwisha kukanyagwa na miguu ya Meru.

Basi twajifunza nini kwa hayo? Kwanza, ya kuwa kusoma, kuandika na kunena ni kazi moja yenye mikono mitatu. Wameru walisoma karatasi za serikali kwa kuzihoji. Waliandika ombi lao kwa hoja na mashahidi. Walinena mbele ya wageni bila kutetemeka. Kama mkono mmoja ungekosekana, kazi yote ingeanguka. Pili, ya kuwa nguvu ile haikutoka shuleni peke yake, wala barazani peke yake, bali ilitoka mahali vilipokutana. Tatu, ya kuwa Kirilo alinena Kiswahili, na fikira zake zilifika New York nzima bila kuvunjika. Hekima haikai katika lugha moja. Lakini karatasi zilizomhukumu zilikuwa za Kiingereza, na ibara iliyomfungulia mlango ililetwa kwa lugha za kigeni. Kwa hiyo asiyezisoma mwenyewe hubaki katika rehema ya amsomeaye.

Jinsi tulivyofika hapa

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 taifa letu lilifanya jambo kubwa. Kuanzia miaka ya 1967 na 1968 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia masomo katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki kuwa lugha ya sekondari. Katika mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na ndani yake alitaka elimu imfanye mtoto awe na moyo wa kuuliza, ajue kujifunza kwa wengine bila kuwaiga kama kivuli. Twajua ya kuwa tamko la siasa ya nchi lililotangulia andiko hilo kwa mwezi mmoja lina jina la mji wetu wa Arusha.

Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri Kiswahili kitumike hata sekondari. Serikali ilifikiri, na mwaka 1984 ikaamua Kiingereza kiendelee. Mwaka 2004 ukaanza mpango wa kueneza shule za sekondari, na kila kata ikajenga shule yake. Hilo ni jema: watoto wengi wa miteremko hii wasingaliona darasa la sekondari kama si shule za kata. Mwaka 2005 mtaala ukabadilishwa, ukataka mwanafunzi ajengwe umahiri, wala si kujazwa maneno. Lakini madarasa yalijaa, vitabu vikawa haba, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi hurudia njia aijuayo, yaani kusema na kuitikiwa. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi yetu walianguka. Watu walilia, wakatafuta wa kulaumiwa. Sisi twasema ya kuwa mtihani haukuleta ugonjwa; uliuonyesha tu.

Mtoto amalizapo darasa la saba hufikiri kwa Kiswahili, na wengine kwa Kimeru au kwa Kimaasai. Aingiapo kidato cha kwanza huambiwa kila somo sasa ni kwa Kiingereza. Asipoelewa hunyamaza, akinyamaza hunakili, akinakili hukariri, na akikariri vema, twampa alama kama tulivyompa yule kijana wa barua. Hivyo twamfundisha kwa miaka minne ya kuwa si lazima maneno yawe na maana.

Wala msidhani ya kuwa jambo hili ni la shuleni tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo yahusu nyayo zetu kila asubuhi tuingiapo shambani, iliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu Bunge lilipopitisha Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Twashukuru, lakini hata karatasi ya Kiswahili haijisomi yenyewe. Asiyezoea kuhoji atatia sahihi hata palipoandikwa kwa lugha ya mamaye. Na katika mji wetu wa Arusha, ambamo mahakama ya mataifa juu ya mauaji ya Rwanda ilifanya kazi yake hata ilipofungwa mwaka 2015, na ambamo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo, watoto wetu hupita kila siku mbele ya nyumba ambamo maneno yaliyosomwa vizuri na kujibiwa vizuri huamua mambo ya watu. Je, watapita nje tu?

Kurudisha baraza darasani

Tangu kisa cha barua ile tumebadili namna yetu, nasi twawasimulia, si kwa kujisifu, bali ili walimu wenzetu watusahihishe.

Kila wiki twachukua maandishi mafupi ya Kiingereza, yasiyozidi ukurasa mmoja: tangazo, barua, habari ya gazeti, au kifungu cha kitabu cha historia. Hatuanzi kwa kusoma kwa sauti. Twaanza kwa maswali manne yaliyoandikwa ubaoni. Ni nani asemaye? Asema na nani, naye ataka nini kwake? Ametoa ushahidi gani? Ameacha kusema nini? Wanafunzi hushauriana kwanza wawili wawili, kwa lugha yoyote wapendayo, maana mtu hawezi kupima kwa mizani asiyoweza kuishika. Kisha huandika majibu kwa Kiingereza, sentensi chache, fupi, zilizo zao wenyewe. Sentensi tano zenye makosa, zilizotoka katika kichwa cha mtoto, tumeziona kuwa bora kuliko ukurasa mzima ulionakiliwa bila kosa.

Siku moja tuliwapa habari za Engare Nanyuki kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza watu "walihamishwa", katika ya pili "walifukuzwa." Kiingereza nacho kina maneno mawili ya namna hiyo. Tukawauliza tofauti ni nini, maana mwaka ni ule ule, na nyumba zilizochomwa ni zile zile. Darasa likakaa kimya muda mrefu. Kisha msichana mmoja, ambaye tangu kidato cha kwanza hatukusikia sauti yake, akasema kwa Kiingereza kilichokwama kwama ya kuwa neno la kwanza lamficha aliyetenda, na la pili lamwonyesha. Tangu siku ile tumemwona akisoma kila kitu kama atafutaye mtu aliyejificha.

Kisha huja kunena. Hapa tumeichukua desturi ya baraza. Wawili husimama, mmoja upande huu na mmoja upande ule, na sheria yetu ni moja: hutamjibu mwenzako kabla hujayarudia maneno yake, hata akiri mwenyewe ya kuwa ndivyo alivyosema. Mwanzoni walicheka. Sasa waona ya kuwa kusikiliza ndiyo nusu ya kunena. Wasichana hunena sawa na wavulana. Hapo twalirekebisha baraza la zamani.

Wako wazazi waliotujia wakinung'unika. Wamesema, "Mwalimu, mtoto akizoea kuhoji atakosa adabu, atatuhoji na sisi." Hofu hiyo twaiheshimu, maana sisi nasi ni wazazi. Lakini na tuwakumbushe ya kuwa Bwana wetu alipokuwa na miaka kumi na miwili alionekana hekaluni, ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Kisha akarudi Nazareti akawatii wazazi wake. Kuuliza na kutii vilikaa katika mtoto mmoja. Na watu wa Beroya, walipohubiriwa na Mtume Paulo mwenyewe, walikwenda kila siku kuyachunguza Maandiko waone kama mambo ndivyo yalivyo. Nao waliitwa waungwana kwa sababu hiyo. Kama neno la Mtume lilichunguzwa, ni barua ya nani isiyofaa kuchunguzwa? Adabu ya kweli si kunyamaza, bali ni kuuliza kwa heshima na kukubali jibu lililo kweli.

Basi ninyi wazazi, twawaomba jambo dogo. Mtoto arudipo nyumbani na kitabu cha Kiingereza, msimwambie, "Soma tukusikie." Mwambieni, "Tueleze kwa lugha yetu yasemavyo, na utuambie kama wewe waamini, na kwa nini." Si lazima ninyi mjue Kiingereza ili kumfundisha hayo. Ninyi mwajua baraza.

Habari za yule mzee hazijaisha. Jioni ile tulimwita mwanawe, tukaketi watatu mezani na taa, tukaisoma barua tena kwa maswali yale manne. Kijana alipofika penye siku thelathini aliinamisha kichwa. Baba yake hakumkaripia, alimwambia tu, "Sasa andika." Basi mzee akasema hoja zake kwa Kimeru, moja baada ya moja, kama asemavyo mtu wa baraza: ni nani aliyepanda miti ya mpakani, ni mwaka gani, na ni nani walio hai bado walioona. Kijana akaziandika kwa Kiingereza, akiuliza kila mara, "Baba, shahidi wa neno hili ni nani?" Mara mbili mzee alifikiri, akasema, "Hilo lifute, sina shahidi." Wakaomba waongezewe muda, na asubuhi kijana akaipeleka barua kwa mkono wake.

Jibu halijaja. Hatujui kama watakubaliwa, maana muda uliokwisha ni muda uliokwisha, na Wameru wa mwaka 1952 nao hawakupewa walichokiomba siku walipokiomba. Lakini nakala ya barua ile mzee hakuiweka sandukuni. Ameipachika ukutani penye picha za jamaa zake, na kila mgeni aingiapo kijana husimama akamweleza yaliyomo.